Sindano ya Paja Siku ya Kwanza: Ilianzia Zizini (Sehemu ya 3)



Tunaendelea na mfululizo wetu wa mambo anayofanyiwa mtoto siku anayozaliwa, na yametoka wapi. Kitovu tumemaliza, maziwa ya mwanzo tumemaliza. Leo ni ile sindano ndogo ya pajani. Ndiyo inayonipa maswali mengi kuliko zote, maana mama amechoka, mtoto ndiyo kwanza ametulia kifuani, halafu huyo nesi anakuja na sindano. "Nesi, hiyo ni chanjo ya nini?" Siyo chanjo, mama. Ni vitamini K, miligramu 1, kwenye msuli wa paja. "Sasa mtoto wa saa moja vitamini ya nini, si ananyonya?"

Swali zuri kabisa. Jibu lake lilichukua zaidi ya miaka 40 kupatikana, na limepita kwenye banda la kuku, zizi la ng'ombe na sumu ya panya. Kaa vizuri, ni refu. Kama unanyonyesha soma kwa awamu.

Tuanze na watoto wenyewe. Mwaka 1894, huko Boston, Marekani, daktari Charles Townsend alikusanya taarifa za watoto wachanga 50 waliotokwa na damu bila sababu ya kuonekana. Siku ya pili, ya tatu, ya tano, mtoto aliyezaliwa mzima anaanza kuvuja damu kitovuni, au anatapika damu, au kinyesi kinakuwa damu tupu. Townsend aliona jambo moja la ajabu: mtoto akivuka hizo siku za mwanzo, ugonjwa unaondoka na haurudi. Kwa hiyo haukuwa ule wa kurithi ambao mtu anaishi nao maisha yake yote. Aliupa jina, lakini dawa hakuwa nayo. Na kokote duniani hakuna aliyekuwa nayo.

Ili ujue hali ilikuwa ngumu kiasi gani, sikia hii. Mwaka 1908 mjini New York, mtoto wa kike wa siku chache tu alikuwa anaishiwa damu. Baba yake alikuwa daktari wa upasuaji. Usiku wakamfuata Alexis Carrel, mtaalamu wa kushona mishipa ya damu. Akamlaza baba pembeni ya mtoto, akashona mshipa wa mkono wa baba moja kwa moja kwenye mshipa mdogo wa mguu wa mtoto, damu ikapita. Mtoto aliyekuwa mweupe kama karatasi akaanza kurudi rangi, na akapona. Jamani, hebu fikiria: mshipa wa mtoto wa siku chache, mwaka 1908! Sasa ni wazazi wangapi duniani walikuwa na fundi wa namna hiyo wa kumgongea mlango usiku? Wengine walikaa wakaangalia.

Hapo ndipo ilipobaki kwa miaka. Hospitali ilijua ugonjwa, haikujua chanzo. Chanzo kilipatikana kwa watu waliokuwa wanashughulika na mifugo.

Copenhagen, Denmark, mwishoni mwa miaka ya 1920. Henrik Dam, mwanasayansi wa chuo kikuu cha pale, alitaka kujua kitu kingine kabisa: je, kifaranga anaweza kujitengenezea kolesteroli mwenyewe, au lazima aipate kwenye chakula? Akawalisha vifaranga chakula cha maabara kilichoondolewa mafuta yote. Baada ya wiki kadhaa vifaranga wakaanza kuvujia damu chini ya ngozi na kwenye misuli, na damu ikichukuliwa inachelewa sana kuganda. Akawarudishia kolesteroli, hakuna kitu. Akajaribu vitamini C, hakuna kitu. Akaendelea kujaribu chakula kimoja kimoja, miaka inakwenda. Kilichowaponya kilikuwa kwenye majani mabichi na kwenye maini ya nguruwe. Mwaka 1935 akakitangaza kuwa ni vitamini mpya, na kwa kuwa kwa lugha yake neno la kuganda linaanza na herufi K, akaiita vitamini K.

Mwaka 1939 ilisafishwa ikawa dawa halisi, kutoka kwenye majani ya lusini, yale yale wafugaji wetu wa ng'ombe wa maziwa wanayopanda. Dam na Mmarekani Edward Doisy walipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943. Dam alipewa akiwa ugenini Marekani, maana Wajerumani walikuwa wameshaivamia nchi yake.

Shika hapo. Sasa twende kwa mtu ambaye mimi ndiye ninayempenda zaidi kwenye hadithi hii, ingawa Nobel hakupata. Karl Paul Link. Mtoto wa mchungaji wa Kilutheri kutoka Indiana, kwenye familia ya watoto kumi. Alisoma Chuo Kikuu cha Wisconsin, akaenda Ulaya kujiongezea, akaugua kifua kikuu, akapelekwa milimani Uswisi kupumzika, akarudi Wisconsin kufundisha kemia ya kilimo. Kilimo, eeh, siyo udaktari. Kazi yake ilikuwa majani, sukari za mimea, magonjwa ya mazao.

Kwa miaka kama kumi kabla ya hapo, wafugaji wa Kanada na kaskazini mwa Marekani walikuwa wanapoteza ng'ombe kwa namna ya kutisha. Walikuwa wamepanda majani ya malisho yanayoitwa klova tamu. Yanastahimili ardhi mbaya, yana harufu nzuri, yanakauka vizuri kwa ajili ya msimu wa baridi. Lakini mkulima akimkata ng'ombe pembe, au akihasi dume, mnyama anavuja damu mpaka anakufa. Wengine walikufa bila hata jeraha, damu inajaa ndani kwa ndani. Daktari wa mifugo wa Ontario, Frank Schofield, ndiye aliyegundua kuwa tatizo ni majani yaliyovunda. Alifanya jambo rahisi sana: akachukua majani ya lundo moja, akatenga mazima na yenye ukungu, akalisha sungura. Waliokula mazima walibaki salama, waliokula yenye ukungu wakafa. Ushauri ukatoka: usilishe hei iliyovunda.

Ushauri mzuri kwa mtu mwenye hei nyingine. Miaka ya 1930 ilikuwa miaka ya njaa ya pesa, mkulima akitupa hei iliyovunda ng'ombe wanakufa njaa, akiwapa wanakufa kwa kuvuja damu. Wewe mama uliyewahi kusimama dukani ukichagua kati ya nauli ya kliniki na unga unalijua hili bila kuelezwa.

Basi Februari 1933, siku ya Jumamosi, kuna dhoruba ya theluji, mkulima anaitwa Ed Carlson akapakia gari lake akaendesha karibu km 300, inazidi kidogo Morogoro hadi Dodoma, kwenda Madison kutafuta msaada. Alikuwa ameshapoteza mitamba wawili mwezi Desemba, kisha ng'ombe wengine, na fahali wake alikuwa anatoka damu puani. Kwenye gari alikuwa na mzoga wa mtamba, kiasi cha kilo 45 za klova iliyovunda, na keni ya maziwa iliyojaa damu. Damu ambayo haikuganda. Ofisi ya daktari wa mifugo ilikuwa imefungwa, ni wikendi. Akajikuta kwenye maabara ya Link kwa sababu ndiyo iliyokuwa na mtu.

Link hakuwa na dawa. Alimwambia kile kilichojulikana tayari: acha kulisha hei hiyo, na kama unaweza, muongezee ng'ombe damu. Maneno matupu kwa mtu aliyesafiri hivyo kwenye theluji, na Link mwenyewe aliandika baadaye jinsi yeye na msaidizi wake walivyobaki na uchungu baada ya mkulima kuondoka. Carlson akarudi nyumbani mikono mitupu. Lakini ile keni ya damu ilibaki maabara, na jioni ileile wakaanza kazi.

Kazi ilichukua miaka sita. Unachukua hei iliyovunda, unaitenganisha kwa kemia, kila sehemu unampa sungura, unampima kesho yake damu inaganda kwa muda gani. Inashindikana, unaanza upya. Tarehe 28 Juni 1939, kijana wa maabara yake anayeitwa Harold Campbell, baada ya kukesha usiku kucha, aliona fuwele kwenye hadubini. Miligramu 6 tu. Chembe ya chumvi. Ndiyo iliyokuwa inaua ng'ombe.

Wakaiita dikumaroli. Na chanzo chake ni ile harufu nzuri yenyewe. Klova tamu ina kitu kinaitwa kumarini ndicho kinachonukia. Majani yakivunda, ukungu unaibadilisha kumarini na kuunganisha vipande viwili kuwa kimoja, na hicho ndicho kinachozuia damu kuganda. Majani mazima hayana shida.

Sasa hapa niruhusu nieleze inavyofanya kazi, kwa sababu ndiyo jibu la swali lako la pajani.

Ini linatengeneza protini za kugandisha damu. Zikitoka hazijakamilika; vitamini K ndiyo inayozimalizia, inaziwekea kama ndoano za kushika kalsiamu, bila hizo ndoano protini zipo ila hazifanyi kazi. Sasa mwili una vitamini K kidogo sana. Fikiria mama ntilie mwenye sahani sita na wateja arobaini. Anaishije? Sahani ikitoka kwa mteja inaoshwa haraka, inarudi kwenye chakula. Vitamini K ni zile sahani: ikitumika inachakaa, mwili unaiosha, inatumika tena. Dikumaroli inamfunga mikono yule binti anayeosha vyombo. Sahani zote zinakuwa chafu, wateja wapo, wali upo, hakuna kinachokwenda mezani. Ndiyo maana ng'ombe hafi siku aliyokula, anakufa baada ya wiki kadhaa, mpaka akiba iishe.

Lakini mletee huyo mama ntilie katoni ya sahani mpya, kazi inaendelea hata kama mwoshaji amefungwa. Vitamini K nyingi inashinda dikumaroli. Kwa hiyo yale majani ya lusini yaliyoponya vifaranga wa Copenhagen na ile hei iliyoua ng'ombe wa Wisconsin ni pande mbili za jambo moja.

Na mtoto wako? Mtoto mchanga hajalishwa sumu yoyote. Mwoshaji vyombo wake yupo anafanya kazi. Shida yake ni kwamba amezaliwa na sahani mbili. Vitamini K inapita kwa shida sana kwenye kondo la nyuma, hata mama ale mchicha wa shamba zima. Tumbo la mtoto bado halina wale bakteria wanaosaidia kuitengeneza. Ini bado changa. Na maziwa ya mama, na hapa nisikilize vizuri usije ukaninukuu vibaya, maziwa ya mama ambayo ndiyo chakula bora kuliko chochote, yana vitamini K kidogo sana. Kidogo kiasi kwamba watoto wanaotokwa damu wiki za baadaye wengi wao ni wanaonyonya maziwa ya mama peke yake. Hiyo siyo sababu ya kumpa kopo. Ni sababu ya sindano moja. Kula majani yako mama, matembele, kisamvu, majani ya maboga, ni afya yako wewe. Ila yanayofika kwenye maziwa hayazibi pengo hili.

Kufikia 1939, mwaka uleule wa fuwele za Campbell, madaktari wa Marekani walikuwa wameshaanza kuwapa wachanga vitamini K na kupima damu yao inavyoganda upesi. Mwaka 1961 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kikapendekeza kila mtoto anayezaliwa apewe. Leo Shirika la Afya Duniani linasema hivyohivyo: kila mtoto, miligramu 1, kwenye msuli, baada ya ile saa ya kwanza ya kukaa kifuani na kunyonya. Kwa hiyo nesi akikwambia subiri kwanza anyonye, hajasahau.

Sitaficha kwamba historia hii ina madoa. Miaka ya 1950 walitumia aina ya kutengenezwa kiwandani, na kwa dozi kubwa mno, hasa kwa njiti. Watoto wakapata manjano kali, na baadhi yakawafikia ubongo. Aina ile iliachwa, dozi ikashushwa, na inayotumika sasa ni K1, ileile iliyo kwenye majani. Halafu mwaka 1992 utafiti mmoja kutoka Uingereza ukadai sindano inahusiana na saratani ya watoto. Wazazi wakaogopa, na wana haki. Zikafanyika tafiti kubwa zaidi nchi nyingine, Sweden ikiwemo, na uhusiano ule haukuonekana. Lakini taarifa ya kutisha ina miguu mirefu, mpaka leo naletewa kwenye simu na shemeji wa mtu.

Kuna tukio la karibuni nataka ulijue. Mwaka 2013, Nashville, Marekani, hospitali moja ilipokea watoto wanne ndani ya miezi michache, wa wiki 6 hadi 15, wote wanavuja damu. Watatu damu ilikuwa ndani ya kichwa. Wote wanne wazazi wao waliikataa sindano siku ya kuzaliwa. Walipona kwa maana ya kuishi. Damu kwenye ubongo wa mtoto wa wiki sita siyo kitu unachokifuta.

Na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi zaidi kuliko ile ya siku ya tatu. Ile ya siku za mwanzo angalau unaiona, kitovu kinavuja, unakimbia. Ile ya wiki ya pili mpaka miezi sita inakuja kwa mtoto mnene, ananyonya vizuri, umeshatoka arobaini, na karibu nusu ya hao damu inamwagika kichwani moja kwa moja. Unaona tu mtoto analala kuliko kawaida, anatapika, amepauka, utosi umejaa, au degedege. Mtu anasema ni jicho, au ni meno. Wiki ya sita meno?

Kabla hujakimbia kumkagua wa kwako, sikiliza: choo cha kwanza cha mtoto ni cheusi kama lami, hiyo ni kawaida. Kikirudi kuwa cheusi au chekundu baada ya kuwa cha njano, twende hospitali. Michubuko ambayo hukuielewa, damu puani, kitovu kinachovuja bila kukoma, twende. Na mtoto mwenye manjano iliyopita wiki mbili, hasa kama choo ni cheupe kama chokaa, usimuanike tu juani ukasubiri. Vitamini K inahitaji nyongo ili iingie mwilini, na mtoto ambaye nyongo haipiti hata hiyo kidogo anayokula haimfai.

Ndugu zangu wa pwani na wengine mnaofanya tohara siku ya saba: hakikisha sindano ilishachomwa kabla. Siku ya saba bado ipo ndani ya ule muda wa Townsend. Kutoga masikio ya mabinti vilevile. Kama ulijifungulia nyumbani au njiani, mpeleke mtoto kituoni uulize, usikae ukisema muda umepita. Na kwenye kadi angalia imeandikwa. Kama haijaandikwa uliza kwa sauti ya kawaida tu, "Mwanangu amechomwa vitamini K?" Kuna siku dawa inakuwa imeisha, na mama anayeuliza anaambiwa arudi lini; asiyeuliza haambiwi.

Nirudi kwa Link, maana hajamaliza kazi.

Dikumaroli ilipotangazwa, madaktari wa binadamu wakaamka. Kumbe ipo dawa ya kumeza inayopunguza kuganda kwa damu! Kuna watu wanakufa kwa damu kuganda mahali isipotakiwa: kwenye mapafu, kwenye miguu, na wamama waliojifungua wamo humo. Kufikia miaka ya mwanzo ya 1940 dikumaroli ilikuwa inatumika hospitalini. Kile kilichoua ng'ombe wa Carlson kikaanza kuokoa watu.

Mwaka 1945 Link aliloa kwenye safari ya mtumbwi, kifua kikuu kikarudi, akalazwa miezi kadhaa. Kitandani, badala ya kulala, akawa anasoma historia ya kuua panya. (Wapo wagonjwa wa namna hii, nawajua, ukimpa kitanda anataka meza.) Akawaza: panya ni mjanja, sumu inayoua haraka anaiona mwenzake amekufa, harudi. Lakini kitu kinachofanya kazi polepole, bila ladha mbaya, atakula siku tano mfululizo. Dikumaroli ilikuwa dhaifu kwa panya, ila maabara yake ilikuwa imeshatengeneza ndugu zake wengi. Namba 42 ndiyo ilifaa. Mwaka 1948 ikatoka kama sumu ya panya, ikaitwa warfarini. Herufi nne za kwanza, WARF, ni za mfuko wa chuo chao uliomiliki hataza. Mfuko huo ulianzishwa mwaka 1925 kwa ugunduzi wa mwenzake Link wa palepale, Harry Steenbock, aliyeonyesha kuwa chakula kikipigwa mwanga wa urujuanimno kinapata vitamini D inayozuia matege. Pesa za matege zikalipia utafiti wa damu. Idara moja ya kilimo hiyo, tafadhali.

Mwaka 1951 kijana mmoja aliyeandikishwa jeshini Marekani alitaka kujiua, akala sumu hiyo ya panya siku kadhaa. Alipofika hospitali akapewa damu na vitamini K, akapona kabisa. Madaktari wakajiuliza: kama kipo kinachoirudisha nyuma kwa uhakika namna hii, kwa nini tusiitumie kwa wagonjwa? Mwaka 1954 ikaruhusiwa kuwa dawa ya binadamu, na 1955 Rais Eisenhower alipopata shambulio la moyo akapewa. Inatumika mpaka leo, Muhimbili, Kenyatta, Mulago, kote.

Kwa hiyo dada yangu unayetumia warfarini kwa ajili ya moyo, hasa mwenye vali ya kuwekewa, maneno haya ni yako. Moja, dawa hii inapita kwenye kondo la nyuma. Wiki ya 6 hadi ya 12 ya mimba inaweza kuharibu pua na mifupa ya mtoto inayojijenga, na baadaye inaweza kumvujisha damu. Usiiache mwenyewe, maana vali ikiganda damu unaondoka wewe. Unapopanga mimba, au siku ileile unapohisi siku zimepita, mwone daktari wako wa moyo apange dawa mbadala. Usisubiri kliniki ya mwezi wa tano. Mbili, mboga za majani huzikatazwi. Unachotakiwa ni kula kiasi kinacholingana kila wiki, siyo mwezi huu hakuna, mwezi ujao kisamvu kila siku, maana unamletea mama ntilie sahani na kumnyang'anya bila taarifa, na kipimo chako kinayumba. Tatu, kunyonyesha unaweza, kinachopita kwenye maziwa ni kidogo mno. Lakini mwambie mkunga kabla hujajifungua. Wanaotumia dawa za kifafa na za TB nao waseme, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zinampunguzia mtoto hata zile sahani mbili, na anaweza kuvuja damu siku ya kwanza yenyewe.

Na sumu ya panya ya mtaani: nyingi za sasa ni wajukuu wa namba 42, zenye nguvu zaidi na zinakaa mwilini wiki nyingi. Mtoto akila leo atacheza vizuri tu mpaka kesho, usidanganyike. Nyingine siyo za ukoo huu kabisa na zinaua kwa dakika. Huwezi kujua kwa kuangalia rangi. Usimpe maziwa, usimtapishe, chukua pakiti na mtoto, njoo.

Link alifariki mwaka 1978. Mwaka huohuo ndipo wanasayansi walipoeleza wazi ni hatua gani hasa warfarini inaizuia, yaani yule mwoshaji vyombo ni nani.

Sehemu ya 4 ni dawa ya macho, na daktari Carl Credé wa Leipzig. Maswali ya leo yaacheni hapa chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku.